Fundi wa Got Winyo

Watu wa kwetu niliwatambua kwa mabega. Nina miaka mingi hapa soko la Kibuye, Kisumu, na cherehani yangu, watu wanapita mbele yangu tangu asubuhi hadi jioni, na kila nilipomwona mtu ambaye nguo yake imepanda kidogo kwenye bega la kushoto, nilijua huyo ametoka Got Winyo na nguo yake imeshonwa na Fundi. Sikuhitaji kumwuliza. Mara nyingi niliinamia kazi yangu nikajifanya sijamwona, kwa sababu nilijua salamu zitaishia wapi.

"Atieno! Fundi anakusalimia sana."

Afadhali niseme mapema: mwanamke huyo nilimwonea wivu karibu maisha yangu yote. Si wivu wa kumtakia mabaya. Alipougua nilituma sukari na majani ya chai. Lakini kila aliposifiwa mbele yangu, kuna kitu kilinikaba hapa kooni, na mpaka leo ninapomkumbuka kinanikaba kwanza, halafu ndipo kumbukumbu zenyewe zinafuata.

Alikuwa na jina, bila shaka. Lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya kanisa. Sisi tulimwita Fundi, na mtu akisema Fundi pale mlimani, hata kama kuna fundi wa baiskeli na fundi wa redio, hakuna aliyegeuza kichwa ila yeye.

Got Winyo maana yake kilima cha ndege. Ukifika Maseno unaacha lami, unapanda barabara ya udongo katikati ya mawe makubwa kama nyumba, unapanda mpaka masikio yanaziba kidogo, na hapo ndipo mji unaanza, kama mji ni neno lake. Ni barabara moja yenye maduka pande zote mbili, kanisa upande wa juu, bucha na kinu cha kusaga upande wa chini, na soko mara mbili kwa wiki. Asubuhi ukungu unakaa barabarani mpaka watoto wameshaingia darasani. Ukungu ukiinuka unaliona ziwa mbali kule chini, linang'aa kama bati jipya, na Kisumu kando yake.

Watu wa pale wanaringia baridi yao. Utamkuta mzee amevaa koti juu ya sweta, na bado anakwambia leo kuna joto. Kisumu wanaiita "huko chini", hata aliyezaliwa Kisumu. Hakuna anayependa kuonekana ana haraka, na hakuna anayependa kuonekana anatamani kitu. Mama anayetaka chungu sokoni atakizunguka chungu hicho akimwuliza muuzaji habari za watoto, za ng'ombe, za mguu wa mumewe uliovunjika, na akisha kuondoka ndipo atageuka na kusema, kana kwamba amekumbuka tu, "Na hiki je?" Nimelelewa hivyo. Labda ndiyo sababu sikuwahi kumwambia mama yangu nilichokitaka kwake.

Fundi hakuzaliwa pale. Alitoka upande wa Bungoma, hilo tu ndilo nililojua, na hakuwa mtu wa kueleza zaidi. Alizungumza Kiluhya, Kijaluo na Kiswahili, zote kwa makosa, na watu wote walimwelewa. Hata hivyo, ndiye aliyekuwa akisimulia historia ya Got Winyo kwa kila mgeni. Wanafunzi wa chuo walipokuja kutoka Maseno kuuliza mambo ya zamani, walielekezwa kwenye veranda yake. Ili kufika pale ilibidi wapite mbele ya duka letu, na baba yangu alikuwa ameketi mlangoni, amevaa kofia yake nzuri, mtoto wa mwanamume aliyebeba mawe ya kanisa la kwanza mgongoni. Walimsalimia, wakapita.

"Wamepotea njia hao," baba alisema.

Hawakuwa wamepotea.

Nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba mji ulianzishwa na kanisa. Fundi alisema sivyo. Alisema zamani akina mama walikuwa wakitoka ziwani na vikapu vya samaki, wakipanda kwenda kuuza kule juu kwa Wanandi, na wengine walikuwa wakishuka na ndizi na mahindi kwenda ziwani. Walikutana pale kwenye tambarare ya kilima, wote wamechoka. Wakatua mizigo wapumzike. Siku moja mmoja wao akauliza, kwa nini tuendelee? Nipe ndizi zako, chukua samaki wangu, kila mtu arudi kwake.

"Huu mji ulianzishwa na magoti," Fundi alikuwa akisema, na kujipiga goti kwa kiganja. "Kanisa lilikuja likakuta watu wameshakaa."

Sijui alilitoa wapi hilo. Nimejaribu kuliona jambo hilo kwa namna aliyotufundisha babu, na siwezi tena. Nikipanda kwetu, nikifika pale tambarare, nawaona wale akina mama wametua vikapu. Ameniharibia historia ya ukoo wangu kwa kuwa yake ni nzuri zaidi.

Na habari ya lami vilevile. Wazee wetu walisema lami ilipojengwa, watu wa Got Winyo waliikataa isipite kwetu kwa sababu ingeleta wezi. Ilikuwa hadithi ya heshima, tulijivuna nayo shuleni. Fundi alicheka mpaka akasimamisha cherehani.

"Nani alikataa? Hakuna mtu alituuliza."

Sasa nije kwenye kazi yake. Fundi hakujua kushona. Nalisema hilo kama mtu wa kazi, na hata kama ningekuwa nampenda ningelisema. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwenye veranda ya duka lililoachwa na mfanyabiashara wa Kihindi, na nguo yoyote aliyoshona aliijaribu kwanza mwilini mwake, iwe ya mama mnene au ya msichana wa shule. Bega lake la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia, basi mji mzima ukavaa bega lake. Mikono ya nguo haikulingana. Zipu zilikwama. Tundu la kifungo lilikuwa hapa na kifungo kule. Alikuahidi Jumatano, ukapewa Jumatano ya wiki nyingine, na alipokukabidhi alikutazama usoni akasema, "Imekukaa," ukatoka ukiamini.

Alikuwa mchoyo wa mkasi. Angekupa ugali wake, angekupa kitanda chake ulale yeye akae kwenye kiti, lakini mkasi hakumpa mtu, hata mchungaji. Alianza maneno marefu kwa kusema, "Mimi sina maneno mengi." Alisali kwa sauti kuliko wote kanisani, na ibada ikiisha ndiye aliyejua nani amegombana na nani. Hakuogopa chifu, hakuogopa mbwa, lakini mvua ya mawe ilipoanza kugonga mabati alijifunika kanga kichwani na kuketi chini ya meza ya kukatia vitambaa. Huko kwetu mvua ya mawe ni jambo la kawaida kabisa. Wateja walimsubiri amalize kuogopa, kisha wakaendelea na vipimo.

Na ziwa hakulipenda. Alisema maji mengi namna ile yamekaa bila kwenda popote, kuna kitu yanataka. Miaka yote niliyomjua akiwa na nguvu, hakuwahi kushuka Kisumu.

Mama yangu alikwenda kwenye veranda ile kila alasiri. Alibeba mboga za kuchambua, au mahindi ya kupukuchua, akaketi kwenye gunia kando ya cherehani. Mimi nikitoka shule nilisikia kicheko cha mama kabla sijaona veranda yenyewe. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kurudi nyuma na kushika ubavu. Nyumbani hakucheka hivyo. Nyumbani alitabasamu, alipika, alitupigia pasi nguo zetu zikasimama. Nilikuwa nikikaza mwendo ili nifike kabla hakijaisha, nikasikie kinachochekesha. Nilipotokea, wote wawili walinyamaza, wakapangusa macho.

"Umekula?" mama angeniuliza.

Hilo tu.

Nilipomaliza shule sikutaka kitu kingine ila kushona. Watu walifikiri nitakaa kwa Fundi nifunzwe. Nikakataa, nikashuka Kisumu, nikajifunza vizuri, kwa mwalimu mkali aliyetufumulisha mshono mpaka vidole vikatoka damu. Nguo ya kwanza kamili niliyoshona ilikuwa ya mama. Ya buluu, yenye kola ndogo, bitana ndani, kila mshono umenyooka. Nilipanda nayo mwenyewe. Mama aliivaa Jumapili, na watu walimsifu, naye akasema, "Ni ya Atieno, ameshona mwenyewe." Aliketi kanisani siku ile kama mtu anayepigwa picha.

Jumatatu nilimkuta kwenye gunia lake, amevaa gauni la Fundi lenye mkono mmoja mrefu, anacheka.

Niliendelea kumshonea. Kila Krismasi nguo. Alizitundika kabatini, akazifunika shuka zisipate vumbi. Wageni walionyeshwa. Na watu wengine wa Got Winyo, wanaopita hapa Kibuye kila siku ya Mungu, waliopita mbele ya kibanda changu na vitambaa vipya kwapani walivyovinunua mistari miwili ya vibanda kutoka kwangu, walivipandisha mlimani kwa Fundi. Nilizoea, lakini kuzoea hakukunipunguzia chochote.

Sitaki mtu adhani kwamba alipendwa bure. Mwaka ule wa uchaguzi mbaya, mambo yalipochafuka huko chini, moshi wake ulionekana kutoka kilimani. Kwetu hakuna nyumba iliyochomwa, lakini watu waliacha kuongea. Wa upande wa ziwa walinunua kwa wa ziwa, Waluhya kwa Waluhya, na wale Wanandi wa maziwa hawakuja kabisa. Soko likawa nusu. Baba yangu, aliyekuwa mwenyekiti wa soko, aliita mkutano wa amani, akapanga viti. Walikuja watu wachache, wote wa ukoo wetu.

Fundi hakuita mkutano. Alituma habari kwamba sare za shule ziko tayari, na kila mama aje na mtoto wake apimwe, na wote akawaambia alasiri ileile. Wakafika wakakutana pale, hawana pa kutazama. Hakuna sare iliyokuwa tayari. Mama mmoja alipogeuka kuondoka, Fundi alimwita kwa ukali.

"Unaenda wapi? Shule zikifunguliwa, mtoto atavaa nini? Atavaa hasira?"

Wakaketi. Akawapa kazi ya kupinda marinda na kukaza vifungo, huyu ashike kitambaa cha mtoto wa yule. Mama alikuwepo, akanisimulia baadaye kwa simu, na sauti yake ilikuwa na ile furaha niliyoijua. Wiki iliyofuata maziwa yalirudi sokoni. Baba alivirudisha viti kanisani kimya kimya, na mimi, ambaye ningepaswa kushukuru Mungu, niliumia kwa ajili ya viti vile.

Mama alipougua, nilitaka aje Kisumu akae kwangu karibu na hospitali. Alikuja, akakaa siku chache, kisha akaanza kuuliza habari za kwao. Nilimwogesha, nilimpikia uji, nilimshonea gauni laini lisilomkwaruza. Asubuhi moja alinishika mkono, nikainama karibu nikidhani ataniambia neno.

"Nirudishe juu," alisema. "Fundi hana mtu wa kukaa naye."

Nikamrudisha. Fundi aliliondoa gunia alilokuwa akiketi mama, akamletea godoro pale verandani, na mama akalala akisikiliza cherehani. Hali yake ilipokuwa mbaya tulimleta tena hospitalini, na huko ndiko alikofariki.

Asubuhi ya kwenda kuuchukua mwili, akina mama wa kanisa walikusanyika nyumbani kwetu kuandaa nguo. Juu ya kitanda cha mama kulikuwa na gauni langu, jeupe, nililolishona kwa machozi na kulifumua na kulishona tena. Kando yake kulikuwa na gauni jingine jeupe, bega moja limepanda. Mama alikuwa amemwomba Fundi zamani amshonee la kuzikiwa, akiwa mzima, wakiongea tu.

Kiongozi wa akina mama alitutazama sisi wawili. "Sasa tutachukua gani?"

Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimepanga maneno, maneno makali ya miaka mingi. Fundi akalichukua gauni langu, akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole chake kwenye mshono wote kutoka kwapa mpaka pindo, polepole, akarudi juu.

"Hii," akasema. "Mtoto ndiye anavalisha mama yake."

Akalikunja lake, akalitia kwenye mfuko wa karatasi, akaenda zake jikoni kuwasha moto. Akina mama wakatikisa vichwa. Niliwasikia wakisema taratibu, Fundi ni mtu, Fundi ni mtu kweli. Mama yangu alizikwa na nguo yangu, na hata hilo nilipewa na yeye. Nilisimama pale nikiwa na maneno yangu yote mdomoni na sina wa kumtupia.

Baada ya hapo nilipunguza kupanda mlimani. Habari zake zilinifikia tu: Fundi macho yanamsumbua, Fundi ameuza meza ya kukatia, watoto wa shule sasa wananunuliwa sare zilizoshonwa tayari. Mabega yaliyopanda yakaanza kupungua hapa Kibuye. Nilitegemea nitafurahi.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha, niliinua macho nikamwona amesimama mbele ya kibanda changu, ameshikilia nguzo. Jirani yake alikuwa amemleta hospitalini kuonana na daktari wa macho, akamwacha kwangu ili akimbilie shughuli zake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Ni Atieno?"

"Ndiyo, Fundi. Karibu. Umeshuka?"

"Nimeshuka. Huku kwenu kuna joto, na kelele." Akapapasa mkoba, akatoa kitenge kilichokunjwa. "Nataka nguo. Mimi sijawahi kuvaa nguo ya mtu mwingine."

Nilichukua futi nikaanza kumpima. Alisimama wima kama mtoto anayepimwa sare. Nilipofika kifuani, nikiwa nyuma yake asipoweza kuniona, nilipata nguvu ya kusema.

"Fundi, nikuulize kitu."

"Si uliza. Nimesimama tu."

"Mama alikuwa anacheka nini kwako?"

"Ujinga," akasema. "Mama yako alikuwa anaiga watu. Mchungaji vile anapanda madhabahu na ile tumbo. Chifu akidanganya. Baba yako akivaa kofia."

"Mama? Mama alikuwa anaiga watu?"

"Wewe hukujua?" Akageuza kichwa kunitafuta. "Hata wewe alikuwa anakuiga. Vile unaingia nyumbani ukitoka Kisumu. Unaangalia pazia, unaangalia viti, unanyoosha kitambaa cha meza, ndio sasa unasalimia watu." Akaanza kucheka, akikumbuka. "Alikuwa anafanya vizuri sana! Mpaka ile shingo yako."

Nilishusha futi. "Kwa hivyo nilikuwa wa kuchekwa."

"Aa, nyathina, sikiliza." Nyathina ni mtoto wangu, na hakuwahi kuniita hivyo. "Mama yako alikuwa anajivuna na wewe mpaka anachoka. Alikuwa anakuogopa kidogo. Mtoto amemshinda kila kitu, amenyooka hivi. Akivaa nguo yako, hawezi keti chini. Sasa mimi niko na kazi mbaya na nyumba mbaya. Kwangu anaweza keti vile anataka."

Nilimaliza kiuno, nikamaliza urefu. Miaka yote niliyoshona ili nimvute mama, kila mshono ulionyooka ulikuwa ukimsogeza kando. Sikulia. Niliandika vipimo vyake kwa chaki mezani.

Alirudi kwa daktari baada ya majuma kadhaa, akaja kuichukua. Aliivaa palepale nyuma ya pazia, akatoka akijipapasa.

"Umekaza hapa," alisema, akigusa kiuno. "Lakini ni nzuri. Niache nayo."

Nikafunga kibanda nimsindikize kwa jirani yake, aliyekuwa akimsubiri upande wa pili wa soko. Tulipofika kwenye mistari ya ndizi, akina mama wa Got Winyo walimwona. Wakainuka mmoja baada ya mwingine, wakaacha wateja, wakaja kumshika mikono, Fundi, Fundi, umeshuka kweli? Mimi nilisukumwa kando na mfuko wake mkononi. Miaka yote nimekuwa soko moja nao, na hakuna aliyewahi kuinuka kwa ajili yangu. Wivu ule ukarudi kama kawaida yake.

Mama mmoja akarudi nyuma hatua, akamtazama kutoka shingoni mpaka chini.

"Na hii nguo? Hii si mkono wako. Nani amekushonea?"

Fundi akanyoosha mkono pembeni, akinitafuta hewani mpaka akanipata begani.

"Huyu," akasema. "Ni fundi wangu."

Wakageuka wote kunitazama. Nilimshika vizuri kiwiko, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na mtaro, nikamwambia inua mguu, akainua, tukavuka.